Mwembe wetu umegoma

SWALI: Shikamoo Babu Shamba. Nyuma ya nyumba yetu hapa Muheza kuna mwembe dodo aliopanda marehemu baba mkwe. Mwaka juzi ulizaa mpaka tukawa tunagawa kwa ndoo. Mwaka jana ulichanua upande wa barabarani tu, na maua mengi yakawa meusi kama yaliyobabuka. Maembe yaliyopona, ukikata unakuta mabuu. Na si kwamba tumeutelekeza! Tangu Juni nilikuwa naumwagia maji ya kufulia kila jioni, mume wangu akaupogoa mwezi huohuo upande wa bafuni, na Septemba tukawapulizia dawa maji moto, wale sisimizi wa mtini waliokuwa wakiwauma watoto. Jirani anasema tuupigilie misumari, utaona haya uzae. Mume wangu ameshaanza kuulizia mtu wa msumeno. (Mama Dodo, Muheza)

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo wa msumeno asubiri kwanza. Mti wenu ni mzima, ila kila mnachoufanyia mnakifanya mwezi ambao si wake.

Tuanze na huko bafuni. Mwembe huchanua kwenye ncha za matawi yaliyokwisha kukomaa. Mume wako alipopitisha panga Juni, alikata maua kabla hayajatoka. Wewe nawe kwa maji yako ya jioni ukauhimiza mti utoe majani, wakati ulitakiwa uone kiu kidogo na baridi ya kusi ndipo utie maua. Kupogoa ni mkimaliza kuvuna, Februari hivi, kabla ya masika. Toeni matawi makavu na yanayosongana katikati, mpaka ukisimama shinani uone vipande vya anga. Na kuanzia Juni hadi Agosti, ndoo yako ya maji ya kufulia ipeleke kwingine.

Ule weusi nahisi ni chule, ukungu unaopenda unyevu. Mvua za mchoo zikidondoka Julai na maua yako wazi, halafu mti wenyewe ni kichaka, umande haukauki mpaka saa nne asubuhi. Ungekuwa unga mweupe kama wa muhogo, ningesema ubwiri unga, na hapo dawa ni salfa. Ila usilie kwa kila ua linaloanguka. Shada moja lina maua mamia, na likilea maembe mawili limefanya kazi.

Kwenye maji moto siwezi kukusema sana, maana nina kesi yangu mwenyewe. Mwaka fulani niliwamaliza wote, nikajiona shujaa. Msimu uliofuata nikakata dodo limeiva vizuri, la manjano, mbele ya wageni, na funza mmoja akajikunja akaruka mpaka kwenye sahani ya mkwe wangu. Nzi wa matunda, huyu aliyetoka Asia na kuonekana Tanzania mwaka 2003, hutaga chini ya ganda embe linapokaribia kuiva. Maji moto humwinda, na hata harufu yao tu humfanya asitulie kutaga. Kwa hiyo waacheni warudi. Mpanda mti ajipake jivu mikononi na miguuni, na watoto wachezee upande wa pili.

Maembe yanayoanguka usiyaache chini hata siku moja, kwani funza hutoka humo akaingia ardhini, akatoka nzi. Yafukie futi mbili, au yatie kwenye mfuko wa mbolea wenye nailoni ndani, ufunge, uuache juani wiki nzima. Yaliyopevuka yavuneni mapema, myavundike ndani.

Misumari mrudishie jirani aezekee banda lake la kuku. Mwembe ukizaa sana mwaka mmoja, unaofuata mara nyingi hupumzika, na wenu umeshapumzika. Msimu huu huenda ungezaa hata bila misumari, na sifa zote angezichukua yeye.