Foleni ya Bitcoin na floti ya wakala

Tangu niguse habari za kripto, yaani sarafu za kidijitali kama Bitcoin, simu yangu haipumui. Maswali yametoka Kyela mpaka Makambako, mengine yametumwa saa nane za usiku. Nimechukua saba. Yale ya "nitajie sarafu itakayopanda" nimeyaruka. Ningekuwa naijua, nisingekuwa nagombania daladala ya Uyole hapa Mbeya kila jioni.

Mdogo wangu yuko nje, alinitumia Bitcoin kidogo ya ada ya mtoto. Pochi, ile programu ya simu ya kutunzia Bitcoin, ikaandika "haijathibitishwa" tangu saa nne asubuhi mpaka giza linaingia. Hiyo pesa ya haraka wanayoisema ni ipi? – Muuza mchele, Mwanjelwa

Pole mama. Muamala wa Bitcoin hauji kwako moja kwa moja kama pesa ya simu. Kwanza unakaa foleni na wenzake, kisha wachimbaji, yaani wenye mashine zinazoshindana kuandika daftari la Bitcoin, wanachagua ipi waiandike kwenye bloku inayofuata, yaani ukurasa mpya wa daftari hilo. Bloku hupatikana kila baada ya dakika 10 kwa wastani, na inabeba miamala kama elfu 2 hadi 4. Ukipiga hesabu ni miamala 3 hadi 7 kwa sekunde, dunia nzima. Ni kama stendi ya Kabwe saa kumi na mbili jioni: gari ni moja, abiria ni mia, na konda anampakia kwanza anayetoa zaidi.

Na kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Ada ya Bitcoin haifuati kiasi cha pesa, inafuata ukubwa wa data ya muamala. Anayetuma elfu 30 na anayetuma milioni 30 wanaweza kulipa ada ileile. Mwenye milioni 30 hata haioni. Wewe wa elfu 30 unaihisi mpaka kwenye mifupa.

Yalinikuta mwenyewe. Fundi wangu pale Kabwe alinibadilishia kioo cha simu kwa elfu 30, tukasema leo tulipane kwa Bitcoin tuone. Pochi ikanipa ngazi tatu za ada, na mimi kwa ubahili wangu nikabonyeza ya chini kabisa. Tukanywa chai, tukanywa nyingine. Fundi akaangalia saa, akaichukua simu yangu akaifungia kwenye droo: "Kaka, ikifika utakuja kuichukua." Niliichukua kesho yake saa tatu.

Mwambie mdogo wako aangalie kwenye pochi yake. Nyingi zina kitufe cha kuongeza ada kwenye muamala uleule uliokwama, na ukiongezwa husogea mbele.

Hosteli tunagombana kila usiku. Kama tatizo ni bloku ndogo, si waziongeze tu? – Mwanafunzi, Iyunga

Mnachogombania kilishawagawa watu wazima wenye fedha zao, na jeraha halijapona mpaka leo.

Kikomo cha megabaiti 1 kwa bloku kiliwekwa na Satoshi Nakamoto mwenyewe, muasisi wa Bitcoin, mwaka 2010, bila kelele, kuzuia watu wasiujaze mtandao takataka. Wakati huo bloku zilikuwa karibu tupu. Kufika 2015 zilianza kujaa. Gavin Andresen na Mike Hearn, waandishi wa programu za Bitcoin, wakaleta programu iitwayo Bitcoin XT, wakitaka bloku za megabaiti 8. Wakapingwa vikali. Januari 2016 Hearn alitangaza kwamba Bitcoin imeshindwa, akauza sarafu zake akaondoka. Ugomvi ukaendelea mpaka tarehe 1 Agosti 2017, kundi la bloku kubwa lilipojitenga na sarafu yake, Bitcoin Cash. Siku 23 baadaye waliobaki wakawasha SegWit, mabadiliko yanayohesabu saini za miamala kwa uzito mdogo, hivyo bloku ikabeba zaidi bila kikomo cha zamani kuguswa waziwazi. Novemba mwaka huohuo kulikuwa na mpango mwingine wa kuzipanua mara mbili, ukafutwa kabla haujaanza.

Sisi wa Mbeya tunaujua mjadala huu hata bila kompyuta. Barabara kuu ya Tunduma inapita katikati ya jiji, malori, bajaji na maguta humohumo. Mmoja anasema panueni njia nne. Mwingine anasema watu wapande basi moja badala ya kila mtu na gari lake. Wote wana hoja.

Ila kwenye Bitcoin kuna swali ambalo barabarani halipo: nani ataweza kutunza daftari? Kila anayeendesha nodi, yaani kompyuta yenye nakala ya daftari, anapakua bloku zote na kuzikagua mwenyewe. Chukua bloku za megabaiti 32, kikomo ambacho Bitcoin Cash ilikifikia mwaka 2018. Zikijaa, ni bloku 144 kwa siku, yaani gigabaiti 4.6 kila siku, na zaidi ya terabaiti moja na nusu kwa mwaka. Sasa jaribu kuzipakua kwa kifurushi cha simu hapo hosteli. Daftari litabaki kwa wenye majengo ya seva, na ninyi wengine mtakuwa mnawaamini tu. Kama ni kuamini, benki zipo.

Mwaka 2017 nilikuwa upande wa bloku kubwa, na nilibishana sana. Kilichonipunguza sauti ni kwamba bloku za Bitcoin Cash muda mwingi zimebaki karibu tupu. Barabara ilipanuliwa, magari hayakuja. Lakini wenzetu wa bloku ndogo nao wasijipigie makofi. Desemba 2017 ada ya wastani ilipita dola 50 kwa muamala mmoja, na mwezi huohuo duka la michezo ya kompyuta la Steam liliacha kupokea Bitcoin. Aprili 2024, siku ambayo zawadi ya wachimbaji ilipungua nusu, ada ya wastani ilipita dola 100. Kwa ada hiyo hakuna anayenunua hata gunia la viazi Njombe, sembuse chipsi mayai.

Mimi ni wakala, Uyole. Kijana mmoja kanieleza habari za Lightning, eti Bitcoin inafika kwa sekunde na makato ni shilingi chache. Nifunge kibanda? – Wakala mwenye wasiwasi

Usifunge, ndugu yangu. Nami nilikaa kibandani miaka minne, kwa hiyo nitakueleza kwa lugha yetu.

Unajua daftari la mkopo la dukani. Mama wa jirani anachukua mkate, sukari, sabuni, mwezi mzima mnaandika tu, na mwisho wa mwezi mnafunga hesabu mara moja. Lightning ndiyo hiyo, isipokuwa hakuna anayekopeshwa. Watu wawili wanafungia Bitcoin kwenye daftari kuu, hapo wanakuwa wamefungua chaneli, kisha wanasogeza hesabu kati yao mara elfu bila kurudi kwenye foleni. Na si lazima uwe na chaneli na kila mtu, malipo yanaweza kupitia kwa watu wengine mpaka yafike. Joseph Poon na Thaddeus Dryja waliliweka wazo hilo kwenye karatasi mwaka 2015, na kufika 2018 watu walikuwa wanalitumia kwa pesa halisi. Kijana hajakudanganya kuhusu kasi.

Alichokisahau ni floti. Nikifungua chaneli ya elfu 50 na pesa yote iko upande wangu, ninaweza kutuma lakini siwezi kupokea hata mia. Si ndiyo yaleyale? Simu yako imejaa floti, droo haina noti, mteja wa kutoa laki unamwambia aende kwa jirani. Kesho droo imejaa, floti imekwisha, wa kuweka naye anarudi. Mitandao yote ya malipo ina ugonjwa huu, na kazi yako siku zote imekuwa kuutibu.

Tena kufungua na kufunga chaneli kunapita kwenye daftari kuu, kwa ada ya siku hiyo. Ndiyo maana watu wengi wanatumia pochi ambayo kampuni inawashikia pesa na kuwahangaikia chaneli. Ni rahisi kweli, lakini ufunguo hauko mfukoni mwako. Tumezunguka mlima tukarudi kwa mtu wa kati.

Nilichokipenda mimi ni kazi ya Kgothatso Ngako wa Afrika Kusini, Machankura, inayomwezesha mtu kutuma Bitcoin kwa kupiga namba ya nyota na reli kwenye kitochi, bila intaneti. Huyo ameelewa wateja wetu. Ila hata yeye hawezi kumpa mkulima noti za kuwalipa vibarua wa viazi kesho alfajiri. Noti ziko kwako.

Nasikia Bitcoin inakula umeme kama nchi nzima. Zikija mashine zenye ufanisi, si umeme utapungua na miamala itaongezeka? – Mwalimu mstaafu, Tukuyu

Shikamoo mwalimu. Hapana kwa yote mawili.

Kila baada ya bloku 2016, kama wiki mbili, mtandao unajipima. Bloku zikiwa zinatoka haraka mno, fumbo la hesabu ambalo mashine za wachimbaji zinashindana kulitatua linafanywa gumu zaidi ili zirudi kwenye dakika 10. Mashine mpya inayokula umeme nusu inamfanya mwenyewe anunue mbili, na jirani naye anunue mbili, na fumbo linapanda. Miamala haiongezeki hata mmoja. Umeme ule ni wa kulilinda daftari lisighushiwe, haubebi miamala. Bloku tupu na bloku iliyojaa zinakula umeme sawa, ndiyo maana zile hesabu za "muamala mmoja ni umeme wa nyumba mwezi mzima" huwa zinanichosha.

Ethereum, mtandao mwingine mkubwa wa kripto, iliuacha uchimbaji tarehe 15 Septemba 2022, ikaingia kwenye mfumo wa wanaoweka sarafu zao dhamana. Matumizi ya umeme yalishuka kwa zaidi ya asilimia 99. Wengi walitegemea ada nazo zishuke siku hiyo. Hazikushuka kwa sababu hiyo, maana nafasi ya miamala ilibaki karibu ileile. Nafuu ilikuja Machi 2024, na hasa kwa mitandao iliyojengwa juu yake.

Hapo jirani zetu Malawi, Bondo chini ya Mlima Mulanje, mtambo mdogo wa maji umeunganishwa na mashine za Bitcoin zinazonunua umeme usio na mteja, na mapato yanasaidia mradi wa kijiji usife. Najua unawaza mito ya Rungwe, mwalimu. Nami nimewaza. Ndaga fijo.

Abiria anataka kunilipa kwa Bitcoin. Nikubali? – Bodaboda, Soweto ya Mbeya

Petroli unainunua kwa pesa gani?

El Salvador waliifanya pesa halali ya nchi. Sisi tunasubiri nini? – Mafinga

Waliianza Septemba 2021, kila mwananchi aliyepakua pochi ya serikali akapewa dola 30. Watafiti waliozunguka kwenye kaya wakakuta wengi waliitumia zawadi, wakaiacha pochi. Januari 2025, baada ya makubaliano ya mkopo na IMF, bunge lao liliondoa sharti la wafanyabiashara kupokea Bitcoin. Wao hawakuwa na pesa ya simu iliyozoeleka kama yetu, ambayo iko hapa tangu 2008. Tatizo linalotatuliwa Mafinga kwa Bitcoin, nitajie nami nilijue.

Kwetu, Benki Kuu ilitangaza Novemba 2019 kwamba kripto si fedha halali nchini. Juni 2021 Rais Samia akaitaka benki hiyohiyo ijiandae na mabadiliko haya. Na Sheria ya Fedha ya 2024 ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Kodi imefika kabla ya mengine.

Naagiza vipuri vya malori kutoka China. Muuzaji anataka USDT kwa TRC-20, rafiki yangu anasema nitumie BEP-20, nafuu zaidi. Dola si ni dola? – Mfanyabiashara, Tunduma

USDT ni sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola. Dola ni ileile, barabara siyo. TRC-20 ni mtandao wa Tron, na anwani zake huanza na T. Anwani za BEP-20, yaani mtandao wa BNB, na za Ethereum huanza zote na 0x na zinafanana kabisa, na hapo ndipo nilipoangukia. Nilituma kwa BEP-20 kwenda kwenye soko moja la kripto la mtandaoni ambalo kwa sarafu hiyo lilipokea kwa Ethereum tu. Mtandao ukasema imefika. Akaunti ikasoma sifuri. Ilichukua wiki tatu na ada ya kurudishiwa, na nilipunguza kilo.

Tron ilijengwa iwe ya haraka na nafuu, ndiyo maana bloku zake zinaandikwa na wateule 27 tu. Hiyo ndiyo bei ya unafuu, rudi kwenye jibu la mwanafunzi wa Iyunga. Kwa malipo ya gasketi si vibaya, ila usifanye ghala: Tether, wenye USDT, wana uwezo wa kuigandisha.

Fuata mtandao alioutaja muuzaji, si wa rafiki yako. Nakili anwani usiiandike kwa mkono, tuma dola 10 kwanza, subiri aseme ameiona, ndipo utume iliyobaki. Na ukipiga hesabu ya makato, usiishie kwenye ada ya mtandao; weka na ile shilingi unayopigwa juu ya kila dola siku unapoinunua hiyo USDT.