Mwaka wa kwanza darasani: tunajibu maswali ya walimu wapya

Nilipokuwa kwenye mazoezi ya ufundishaji nilikuwa na vipindi viwili kwa siku. Sasa nimepewa Gredi ya 4, wanafunzi 68, na karibu kila kipindi ni changu. Naandika maandalio mpaka saa sita za usiku, madaftari yamejaa mezani, na bado niko nyuma ya maazimio ya kazi, yaani mpango wa mada za muhula mzima. Wenzangu wanawezaje? Mwalimu wa Kayole

Mwalimu, bado unaandika kama mtu anayemngoja mkufunzi aje kumkagua. Andalio la chuoni lilikuwa la kumthibitishia mwingine kwamba hatua zote unazijua. La kazini ni la kukuongoza wewe. Kipindi chako ni cha dakika 35, na kugawa madaftari kwa watoto 68 bila mpangilio kunakula 5 kati ya hizo. Matokeo maalum mawili, yaani mambo mawili ambayo mtoto ataweza kuyafanya kipindi kikiisha, yanatosha, na shughuli mbili, tatu kwa wingi. Ukipanga tano, mbili za mwisho hazitafikiwa kamwe, nawe utajilaumu bure.

Chukua somo la sehemu katika Hisabati. Kosa utakalokutana nalo linajulikana kabla hujaingia darasani: mtoto atasema thumuni ni kubwa kuliko robo, kwa kuwa 8 ni kubwa kuliko 4. Basi andalio zima lilenge hapo. Kila mtoto apate kipande cha karatasi, akikunje mara 2, akikunjue na kupaka rangi fungu moja kati ya manne. Kisha achukue kipande kingine cha ukubwa uleule, akikunje mara 3, apake rangi fungu moja kati ya manane, aviweke viwili sambamba. Karatasi zikitofautiana ukubwa, somo limeharibika, kwa hiyo zikate mwenyewe siku iliyotangulia. Kwenye sehemu ya kujitathmini usiandike "somo limefaulu". Andika "18 bado wanasema thumuni ni kubwa, nianze nao kesho." Sentensi hiyo moja ndiyo itakayokuandalia kipindi kinachofuata.

Kubaki nyuma kwa kawaida huanzia kwenye maazimio yenyewe. Wengi huyanunua mtandaoni yakiwa tayari, nayo hayajui kalenda ya shule yako. Kabla ya kugawa mada, hesabu wiki halisi za kufundisha: toa siku za kufungua, mapumziko ya katikati ya muhula na wiki ya tathmini ya mwisho. Halafu fuata muundo wa mtaala wa KICD, taasisi inayoandaa mitaala ya Kenya. Kitabu cha kiada kina mazoezi mengi kuliko vipindi ulivyo navyo, na hakuna anayekudai uyamalize yote.

Kuhusu madaftari, tupige hesabu. Watoto 68 kwa masomo 5 ni madaftari 340 kwa siku. Hata ukitumia nusu dakika kwa kila moja, ni karibu saa 3. Hilo haliwezekani, na anayesema analifanya anatia alama ya vyema bila kusoma. Sahihisha zoezi la kawaida ukizunguka darasani na kalamu mkononi, wakati bado wanaandika. Kisha kila siku beba madaftari 17 tu ya somo moja, uyasome kwa makini, dakika 2 kila moja. Baada ya siku 4 umeliona darasa zima, na umetumia kama dakika 34 kwa siku.

Nina Gredi ya 2 huku Mathare, watoto 80, na wiki ya tatu tu sauti imenikauka. Mwenzangu ananiambia nishike fimbo. Mwalimu mgeni

Usiishike. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 36, inakataza adhabu ya viboko, na inakataza pia kumtesa mtoto kiakili. Kumtukana au kumdhalilisha mbele ya wenzake nako usikuweke kama njia ya mkato.

Sauti inakauka kwa sababu unashindana na watu 80. Watoto wakishazoea kwamba agizo litarudiwa mara tatu, la kwanza hawalisikilizi. Chagua ishara moja, kwa mfano makofi matatu ambayo wao huyajibu kwa mawili, uwafundishe kama unavyofundisha silabi: dakika 5 kila asubuhi kwa wiki 2. Piga, nyamaza, ngoja. Ukianza kusema wakati wawili bado wananong'ona, umewafundisha kwamba ishara haina maana.

Kelele nyingi huzuka watoto wanapohama kutoka jambo moja kwenda jingine. Waweke katika vikundi 10 vya watoto 8, kila kikundi na kiongozi anayebadilishwa kila Jumatatu. Wakati wa kuchukua madaftari wanasimama 10, si 80. Na ikiwa shule yenu imo kwenye Dishi na County, mpango wa Kaunti ya Nairobi wa chakula cha mchana shuleni, kagua asubuhi bangili ambazo watoto huzitumia kupata chakula unapoita majina, maana mtoto anayegundua mchana kwamba yake imebaki nyumbani hatakusikiliza tena, na kumlaumu kwa hilo ni kumwonea.

Nimemaliza diploma na shule ya kibinafsi huku Pipeline inataka nianze mara moja. Namba ya usajili ya TSC, Tume ya Huduma za Walimu, sina bado. Msomaji

Tuma ombi kwanza. Sheria ya TSC ya mwaka 2012 hairuhusu mtu asiyesajiliwa kufundisha. Ombi linafanywa kwenye tovuti ya Tume. Anza na cheti cha maadili mema, kwa kuwa hicho hakitegemei kasi yako: unaomba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha unapigwa alama za vidole, kwa mfano Huduma Centre ya GPO katikati ya jiji la Nairobi. Utahitaji pia vyeti vya masomo, PIN ya KRA, picha ya pasipoti na fomu ya daktari. Kabla ya kutuma, linganisha jina lako kwenye kitambulisho, cheti cha KCSE na cha chuo, herufi kwa herufi. Likitofautiana, anza na ofisi iliyotoa cheti chenye kosa.