Lodwar kwa aliyekaa huko miaka minne

Dada uliyeuliza juzi kuhusu Lodwar, kule Turkana kaskazini mwa Kenya, kwamba umepata kazi ya uuguzi na nyumbani wanakulilia kana kwamba unapelekwa vitani: mimi nilikaa pale miaka minne nikiwa fundi wa pampu za maji, kwa hiyo nivumilie nikijibu kwa kirefu. Waliokwisha kukujibu wamezungumzia joto tu. Joto lipo, lakini mwaka wangu wa kwanza nilitiwa adabu na maji.

Nilipofika nilipanga nyumba kando ya laga, kwa sababu kodi ilikuwa nafuu na palikuwa na kivuli kizuri. Laga ni mto wa mchanga mkavu. Watu wanaukatiza kwa miguu, mbuzi wanapita, watoto wanapiga mpira humo. Mwezi wa nne, usiku ambao mjini hakukudondoka hata tone, nikasikia mngurumo kama wa lori linalopanda mlima. Kumbe mvua ilinyesha vilimani huko mbali, na kwa kuwa ardhi ile ni ngumu haimezi maji, yote yalishuka kwa pamoja. Godoro, mchele na spana zangu nilizikuta asubuhi ndani ya tope. Jirani yangu, mzee wa Kiturkana, alinitazama kwa muda, akaniuliza nilidhani kodi ya nyumba ile ilikuwa nafuu kwa nini.

Mji umekaa kati ya laga ya Kawalase na mto Turkwel, unaotoka mbali kabisa, Mlima Elgon. Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 200 tu, kwa hiyo Turkwel ndiyo inayotulisha: visima virefu vya mji vimechimbwa pembezoni mwake. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba Lotikipi, kaskazini zaidi, kuna ziwa zima chini ya ardhi. Simu nilizopigiwa na ndugu zangu wiki ile! Kila mtu aliona Turkana imeshakuwa shamba. Baadaye maji yale yalipopimwa yakakutwa na chumvi nyingi mno kwa kunywa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kodi, uliza kama nyumba ina tangi, na maji ya mfereji hutoka siku zipi.

Sasa joto. Mchana nyuzi 35 ni kawaida, na zipo siku inapita hapo. Utalizoea ukifuata saa za wenyeji. Saa kumi na moja alfajiri watu wako macho, shughuli nzito zinaisha kabla ya saa sita, na kuanzia saa saba hadi saa kumi usimtembelee mtu. Jioni ndipo mji unafufuka. Usiku wengi hulala uani, na wewe hakikisha una neti, maana mvua ikinyesha kidogo tu mbu hawachelewi. Tafuta nyumba yenye dari. Bati tupu utalijua mwenyewe.

Kuhusu mji wenyewe, usitarajie kijiji. Ni makao makuu ya Kaunti ya Turkana, na sensa ya 2019 ilihesabu watu karibu 83,000. Tangu ugatuzi uanze 2013 ofisi zimejaa, mahoteli yamepanda, bodaboda ziko kila kona, na kodi nazo zimepanda pamoja nayo. Mboga hutoka Kitale kwa lori, karibu kilomita 300, kwa hiyo barabara ikikatika sukuma wiki inakuwa anasa. Nyama ya mbuzi haiadimiki. Samaki wanatoka Kalokol, ziwani, wabichi na wakavu. Wikendi ukipata gari la kuchanga nenda Eliye Springs, chemchemi inatoka mchangani kando ya Ziwa Turkana chini ya mikoma. Majani ya mikoma hiyo ndiyo akina mama wanayosukia vikapu. Nunua kwao moja kwa moja, na usipunguze bei kama unanunua gari.

Wenyeji wakienda Kitale utawasikia wakisema wanaenda Kenya. Usicheke. Enzi za Mwingereza hii ilikuwa wilaya iliyofungwa, huingii bila kibali, na ndiyo maana Jomo Kenyatta alipomaliza kifungo chake Lokitaung mwaka 1959 aliletwa Lodwar awe mbali na watu, hadi 1961 alipohamishiwa Maralal. Nyumba aliyokaa bado ipo, kaione. Jifunze pia kusema "ejok", salamu ya Kiturkana, kisha nyamaza usikilize. Mzee akikukaribisha chini ya mti, kile kigoda kidogo anachotembea nacho, ekicholong, ni kiti chake na mto wake wa kulalia, usikikalie bila kuambiwa.

Safari: njia ni Kitale, Kapenguria, unashuka Marich, Kainuk, Lokichar. Siku hizi sehemu kubwa ni lami. Zamani tulikuwa tunahesabu mashimo badala ya kilomita. Lakini eneo la Kainuk limekuwa na visa vya wizi wa mifugo na risasi kati ya Wapokot na Waturkana kwa miaka mingi, hivyo panda gari la asubuhi na uulize hali ya njia kabla ya kuondoka. Ukiwa na nauli ya ndege, zipo za kutoka Nairobi.

Jambo la mwisho ni viatu. Mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa kuzuia jangwa kisha ukateka kingo za mto, miiba yake inapenya ndala kama karatasi na inatoboa tairi za bodaboda kila siku. Leta viatu vya soli nene jozi mbili. Ukishapata tarehe ya kuripoti andika hapa, nikuelekeze upande wa mji wa kutafuta chumba.