Jibu: Mzee wa miaka 76, dawa tatu kwa mpigo?

Pole sana ndugu yangu. Umeuliza kama baba yako, kwa miaka 76, ataziweza dawa tatu za mailoma (saratani ya uboho wa mifupa) iliyorudi, sawa na jirani yenu wa miaka 50.

Umri peke yake haumzuii. Zinachanganywa kwa sababu seli za saratani zilizoizoea dawa moja huweza kuuawa na nyingine inayozishambulia kwa njia tofauti. Kinachobadilika ni dozi: deksamethasoni, dawa ya steroidi ambayo huwa mojawapo ya hizo tatu, kwa kawaida ni miligramu 40 kwa wiki, ila aliyevuka miaka 75 mara nyingi hupewa 20. Kama nyingine ni lenalidomidi, nayo hupangwa kwa kuangalia figo, hivyo kipimo cha damu cha kreatinini, kinachoonyesha figo zinafanyaje kazi, msikiruke. Muulizeni daktari pia kuhusu aspirini, maana lenalidomidi inaweza kugandisha damu miguuni, na aspirini husaidia kuzuia hilo.

Mama yangu naye alitumia dawa hizi, tulikuwa tunampeleka hospitali ya Bugando, Mwanza. Siku ya deksamethasoni hapati usingizi kabisa. Saa tisa usiku unamkuta jikoni anaparua sato! Vidonge tukavihamishia asubuhi, baada ya uji, angalau akasinzia. Sukari nayo ilipanda.

Na kwa kuwa mko Ukerewe, homa ikimpata usiku mkimbizeni hospitali ya Nansio saa hiyo hiyo, msingoje meli ya asubuhi.