Maswali ya Wasomaji: Nani anasema ndege mpya inafaa kubeba watu?

Meseji za mwezi huu zimejaa ndege, na nyingi zimetoka Moshi na Arusha, nadhani ni kwa sababu likizo imekaribia na watu wanakata tiketi za kuondokea KIA, uwanja wa Kilimanjaro. Nimechagua chache, zingine nimezijibu kirefu zingine kwa kifupi, msione nimewabagua.

"Mwanangu wa gazeti, mimi ni bibi wa Majengo, Moshi. Mjukuu wangu anasafiri na hizo Boeing MAX na nimeambiwa ndo zile zilizoua watu Ethiopia. Nani alizipitisha kule mwanzo, na nani kazirudisha angani?"

Shikamoo bibi. Wasiwasi wako una msingi na sitakuambia uutupe. Ile ilikuwa Boeing 737 MAX 8 ya shirika la Ethiopian, iliruka kutoka Addis Ababa tarehe 10 Machi 2019 kwenda Nairobi, ikaanguka dakika chache baadaye karibu na Bishoftu, watu wote 157 wakafa na 32 kati yao walikuwa Wakenya, majirani zetu hawa hawa. Miezi minne na ushee kabla ya hapo, Oktoba 2018, nyingine ya aina hiyo hiyo, ya Lion Air, ilianguka baharini kule Indonesia ikaua watu 189. Na zote mbili zilikuwa ndege mpya, wala siyo mikweche.

Aliyezipitisha ni mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, Machi 2017. Injini za MAX ni kubwa kuliko za 737 za zamani kwa hiyo zikasogezwa mbele na kupandishwa juu kidogo, sasa hiyo ikafanya pua ya ndege itake kunyanyuka kupita kiasi kwenye hali fulani, ndo Boeing wakaweka programu inaitwa MCAS ya kushusha pua yenyewe. Ndege ina vifaa viwili vya kupima pua imenyanyuka kiasi gani ila programu ilikuwa inasikiliza kimoja tu, hicho kimoja kikidanganya programu inashusha pua, rubani anaivuta juu, inashusha tena, anavuta, inashusha tena. Na marubani wengi walikuwa hawajui hata kama hiyo programu ipo maana haikuwemo kwenye kitabu chao, Boeing waliomba itolewe na FAA wakakubali. Bibi, hapo ndo pananiuma kuliko pengine pote. Kosa la kiufundi naweza kulielewa, ila rubani kufichiwa kitu kinachoendesha ndege yake hapana.

Ilipitaje? Sheria ya Marekani inaruhusu FAA kuwapa baadhi ya wafanyakazi wa kampuni inayotengeneza ndege kazi ya kukagua kwa niaba ya serikali, kwa sababu serikali haina wataalamu wa kutosha kuangalia kila kitu. Ni kama fundi aliyekufungia breki ndo huyo huyo anakujazia fomu ya ukaguzi ya trafiki. Kamati ya Bunge la Marekani ilichunguza na ripoti yake ya Septemba 2020 haikumung'unya maneno, ilisema kampuni ilificha mambo na FAA haikusimamia inavyotakiwa. Hata kuzizuia kuruka, China ilianza tarehe 11 Machi 2019, Ulaya ikafuata tarehe 12, Marekani wenyewe waliotoa cheti wakaja tarehe 13.

Zilikaa chini miezi 20. FAA ilizirudisha Novemba 2020 na Ulaya Januari 2021 baada ya kufanya uchunguzi wao wenyewe, hawakukubali tu karatasi ya Marekani kama zamani. Sasa hivi programu inalinganisha vifaa vyote viwili, vikipishana haifanyi kitu, na ikifanya inafanya mara moja na haiwezi kumshinda rubani nguvu, na marubani wanapelekwa kwenye mashine ya mazoezi kujifunza hilo. Halafu Desemba 2020 Marekani ikapitisha sheria mpya ya kuwabana watengenezaji na kuwalinda hao wakaguzi wa ndani ya kampuni wasishinikizwe na mabosi wao.

MAX 9 ya kwanza ya Air Tanzania ilifika Oktoba 2023, baada ya mabadiliko yote hayo. Mimi ningempandisha mwanangu bibi, nakwambia ukweli. Najua utasikia pia habari ya Januari 2024, MAX 9 ya Alaska Airlines kuchomoka kipande cha ubavu ikiwa angani, hakufa mtu. Ile mchoro ulikuwa sawa, ila bolti nne hazikurudishwa kiwandani, na FAA ikawazuia Boeing kuongeza kasi ya kutengeneza MAX. Maana vyeti viko vitatu tofauti: kimoja cha mchoro wa aina hiyo ya ndege, kimoja cha kiwanda, na kimoja cha kila ndege moja moja inayotoka kiwandani. Watu wanavichanganya, hata waandishi wa habari wenzangu.

"Mkuu, mimi fundi magari Unga Limited. Nimeona klipu wanapinda bawa la ndege mpaka linavunjika kabisa, ni kweli au ni editing? Na breki je? Maana ile Ethiopian iliyotua Kisongo bado watu wa huku wanaiongelea."

Ni kweli fundi, tena ni kipimo cha lazima. Wanakadiria mzigo mkubwa kabisa ambao bawa linaweza kukutana nao maisha yake yote, halafu linatakiwa libebe mara moja na nusu ya huo bila kuvunjika kwa sekunde tatu. Wengine wanaendelea kuvuta mpaka liachie ili wajue mwisho wake uko wapi, bawa la Boeing 777 mwaka 1995 liliachia kwenye asilimia 154. La Airbus A380 mwaka 2006 lilikatika kabla kidogo ya kufika 150, wakalazimika kuliongezea nguvu.

Kuna na kipimo cha kugongana na ndege wa porini, kuku wanarushwa kweli kwa mzinga wa hewa, wakiwa wameshakufa. Kioo cha rubani kinatakiwa kihimili kuku wa kilo 1.8 hivi kwa kasi ya safari na bado ndege iendelee kuruka, injini kubwa inapimwa na wa mpaka kilo 3.65. Nikiwa mkweli hicho kipimo kwa upande wetu nakiona kidogo, tai wa Serengeti wengi wanazidi uzito huo, na kuna tai mmoja aligongwa na ndege ya abiria juu ya Abidjan mwaka 1973 kwenye mita kama 11,300, huko juu kabisa.

Kipimo cha kukimbia kutoka ndani ya ndege ndo wengi hawakijui. Abiria wote watoke ndani ya sekunde 90, giza, nusu ya milango imefungwa na hawaambiwi ipi, mabegi na mablanketi yametupwa njiani makusudi. A380 ilifanyiwa hivo Hamburg tarehe 26 Machi 2006, watu 873 pamoja na wahudumu wakatoka kwa sekunde 78. Ila watoto wachanga wanawakilishwa na midoli, wazee wasiojiweza hawamo, na hakuna anayesimama kuvuta begi lake juu ya siti, jambo ambalo kwenye ajali za kweli watu wanalifanya kila siku. Kwa hiyo jamani ukiambiwa acha begi, acha.

Sasa breki. Wanachukua breki zilizokwisha kabisa, zimebaki za kutupa, wanaijaza ndege uzito wa mwisho, inakimbia mpaka karibu na kasi ya kuruka halafu rubani anakatisha na kusimamisha. Magurudumu yanawaka jekundu, matairi yanajitoa upepo yenyewe kupitia plagi zilizowekwa zisipasuke, na zimamoto wanasimama pembeni hawaruhusiwi kugusa kwa dakika tano, kwa sababu uwanjani wanaweza kuchelewa. Halafu juu ya vipimo hivo kuna akiba nyingine, kampuni ikipanga safari ya ndege ya jeti inatakiwa ione kwamba ndege itasimama ndani ya asilimia 60 ya urefu wa njia ya kutua.

Ndo ukaja Kisongo fundi. Ile ilikuwa Desemba 2013, Boeing 767 iliyokuwa inaenda KIA kwenye njia ya mita 3,600, ikatua uwanja wa Arusha wenye mita kama 1,600. Ikasimama, ikaishia kwenye majani pale mwisho ilipotaka kugeuka, hakuumia mtu. Kutua uwanja usio wake lilikuwa kosa kubwa na silipambi, ila uwezo ule wa breki unaopimwa wakati wa cheti ulisaidia kuisimamisha, na nadhani hakuna darasa zuri la breki kuliko ile ndege wote tuliyoiona.

"Habari, naongoza watalii, nakaa Sakina. Wageni wangu wa Ujerumani wananiuliza kwa nini Ulaya wamezifungia ndege zetu wakati ni zile zile Airbus na Boeing wanazopanda kwao. Nawajibuje?"

Waambie ukweli kaka, usiwazungushe. Air Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya kampuni zisizoruhusiwa kuruka Ulaya Desemba 2024, na Juni 2025 wakaongeza kampuni zote zenye leseni ya Tanzania. Sababu waliyoitoa haikuhusu mchoro wa ndege. Walisema usimamizi wetu una mapungufu makubwa, wataalamu wenye sifa ni wachache, na ukaguzi wa uendeshaji na wa ubora wa ndege haufanyi kazi inavyotakiwa. Airbus A220 iliyopata cheti Kanada na Ulaya bado inahitaji mtu hapa nyumbani wa kuhakikisha fundi kafanya alichoandika kwenye kitabu, na huyo mtu anatakiwa awe na elimu, mshahara wa kumtosha na ubavu wa kuisimamisha ndege hata kama ni ya serikali na mkubwa anaisubiri.

Najua inauma kwa nyie mnaoishi kwa utalii, mimi pia imeniuma. Lakini kukasirikia orodha hakutusaidii kitu, kinachotutoa ni kuajiri na kufundisha wakaguzi na kuwaacha wafanye kazi. Wakija tena kukagua waangalie mafaili, na mafaili yawe sawa.

"Kwa nini TCAA, mamlaka ya anga ya Tanzania, wasijaribu hizi ndege wenyewe badala ya kuamini wazungu? Mwanafunzi, Ngaramtoni."

Kwa sababu kazi hiyo ni ya nchi inakobuniwa ndege, ndo utaratibu wa dunia. Airbus A350 ilitumia ndege tano za majaribio na zaidi ya masaa 2,600 angani kabla ya kupata cheti Septemba 2014, walienda mpaka Iqaluit kaskazini mwa Kanada kutafuta baridi na La Paz kule Bolivia kutafuta mwinuko. Sisi hatubuni ndege kubwa, kwa hiyo tunaangalia cheti cha kule na kutoa cha kwetu kwa kila ndege inayosajiliwa 5H, alama ya ndege za Tanzania. Ila siyo wazungu tu mdogo wangu, Brazil inazipitisha ndege zake za Embraer, na China iliipa cheti ndege yake ya C919 Septemba 2022. Soma hesabu.

"Ndege ikishapata cheti ndo basi? Na mimi abiria wa kawaida naweza kuona wapi? Mama wa Kiborloni."

Hapana mama, haiishii hapo. Mwaka 2013 Boeing 787 ilikuwa na cheti na inabeba watu, betri zikaanza kuungua, Januari zote zikasimamishwa dunia nzima mpaka tatizo lilipotengenezwa Aprili. Kila kasoro ikigundulika mamlaka inatoa agizo la lazima lenye siku ya mwisho, na maagizo hayo yako wazi kwenye tovuti za FAA na za Ulaya, EASA, unaandika tu aina ya ndege yako inayotajwa kwenye tiketi na unasoma bure, japo Kiingereza chake kizito kidogo, mwombe kijana akusaidie. Na kile cheti cha ndege yenyewe lazima kiwe ndani ya ndege kila inapovuka mpaka, imeandikwa kwenye kifungu cha 29 cha mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ule wa mataifa kuhusu usafiri wa anga.