Bendi ya roki yenye maigizo ya anga: ilivyopata watu Kisumu

Ndugu, umeuliza kama bendi ya roki inayoigiza safari za anga za juu inaweza kupata watu hapa Kisumu, au ni lazima ihamie Nairobi. Mimi ni fundi wa sauti wa bendi ya namna hiyo, mwaka wa nne sasa. Msihame. Ila msianze na mavazi.

Sisi tulianza na mavazi. Kofia ya mwanaanga ilikuwa mtungi wa maji wa lita 20, tukaukata shingo, tukaupaka rangi ya fedha na kuacha dirisha mbele. Wimbo wa pili tu, pumzi ya mwimbaji ilitanda ndani kama mvuke wa sufuria, haoni mbele, na maiki iliyokuwa humo ikafanya spika zipige miluzi. Fundi mmoja wa soko la Kibuye, hapa Kisumu, alitutobolea matundu kwa msumari wa moto, safu tatu kisogoni, maiki tukaitoa ikakaa chini ya kidevu. Shida ya kofia ikaisha, lakini watu hawakuongezeka. Walipiga picha, wakarudi kwenye samaki wao.

Hadithi ndiyo iliyowaleta. Chombo chetu kilikuwa kinaruka kutoka Marekani, nyimbo zinataja miji ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuiona. Mpiga kinanda akauliza: kwa nini kisiruke kutoka Maseno, hapa karibu na Kisumu? Pale ikweta inakata barabara ya Busia, na kwenye ikweta dunia inazunguka kwa takriban kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayoelekea mashariki inaondoka na kasi hiyo bure. Na Kenya imeshafanya kazi hiyo: tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru.

Tukaandika onyesho upya. Nahodha wa chombo akawa binti wa mvuvi wa Dunga, ufuo wa ziwa hapa Kisumu, anayeondoka na nyatiti ya babu yake, ile ala ya nyuzi ya Waluo. Wazee wachache walinung'unika, maana kwa mila nyatiti ni ya wanaume, lakini walikaa mpaka mwisho. Nyuzi zile nane nilizitia mwangwi kidogo tu kwenye mikisa, mashine ya kuchanganya sauti, na hakuna kinanda cha dukani kinachotoa sauti ya anga kama ile.

Kabla ya kuruka tukawa tunahesabu kutoka kumi hadi moja kwa Dholuo, lugha ya Waluo: apar, ochiko, aboro... Onyesho la tatu, stima ilipotea tulipofika abiriyo, yaani saba. Spika kimya, giza. Ukumbi ukaendelea wenyewe: auchiel, abich, ang'wen, adek, ariyo, achiel! Mpiga ngoma akaingia palepale, nyatiti ikamfuata bila maiki. Mimi nilisimama na mikono juu ya mikisa iliyozimika, machozi yananitoka.

Tangu hapo wenye kumbi ndio wanaotupigia simu. Hapo muwe macho. Mmoja alituahidi mgao wa viingilio, usiku akadai watu walikuwa wachache, na ukumbi tuliuona ulivyojaa. Sasa mtu wetu anakaa mlangoni, na nusu ya malipo tunaipokea kabla ya kupakia spika kwenye pikapu.

Mwambieni nahodha wenu aseme kwao ni wapi, kisha tafuteni ukumbi mdogo. Habari za kofia niulizeni hapa, nitawachorea matundu yanavyokaa.