Ghushi na ghishi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko Maskati na wanangu. Juzi mmoja karudi shule akasema mwenzake katolewa kwenye mtihani kwa "ghishi", kumbe alikuwa akimwangalizia jirani. Je, hilo ndilo ghushi letu la saini na noti? Na hiyo "u" tumeitoa wapi? (Mama Watatu, Maskati)

JIBU: Marahaba mwanangu. Ndilo hilo hilo, ila wewe umelikuta kwao. Kwa Waarabu jina ni ghishi, lakini kitenzi cha "anadanganya" ni yaghushu. Sisi tulichukua umbo la kitenzi, kama kawaida yetu: yasjudu ikatupa sujudu, yaruddu ikatupa rudi. Wazee hawakukosea.

Neno lenyewe ni la sokoni. Katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, mkusanyaji mashuhuri wa hadithi za Mtume, Mtume alipita penye lundo la nafaka, akatia mkono ndani, vidole vikatoka na majimaji. Mwenye mali akasema imenyeshewa. Akaulizwa, mbona hukuiweka juu watu waione? Hapo Mtume akamkana kila mwenye kughushi. Angalia: nafaka ilikuwa nafaka ya kweli. Kilichoghushiwa ni kule kuificha mbichi chini ya kavu.

Marehemu bibi yangu alilitumia hivyo hivyo. Muuza maziwa akija, bibi alidondosha tone moja kwenye ukucha wa dole gumba. Likisimama, analipa. Likitiririka: "Haya yameghushiwa, rudi nayo." Leo angesema yamechakachuliwa, neno lililovuma Tanzania mnamo 2010 kwa ajili ya dizeli iliyotiwa mafuta ya taa, hata EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti nishati na maji, wakaanza kuyawekea mafuta vinasaba, yaani alama ya kuyatambulia yaliyochanganywa. Chakachua ikachukua vya kumiminika, ghushi ikabaki na karatasi: saini, vyeti, hundi.

Mahakamani nako wameibana. Kifungu cha 333 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinataka mambo mawili, waraka wa uongo na nia ya kulaghai au kudanganya. Ukikosea mwaka wako wa kuzaliwa kwa kutojua, hujaghushi. Ndiyo maana mimi sipendi "feki" ishike nafasi yake. Cheti feki ni cheti tu, kimekaa. Kilichoghushiwa kina mtu nyuma yake na kalamu mkononi.

Na huyo mtoto wa mtihani, huku mwite mwangaliziaji. Ukisema "kaghushi mtihani", mtu wa Tanga atadhani kachapisha karatasi yake ya maswali nyumbani.